Intaneti nzima kama akili moja: kuna siku itajitambua? (Watu wa mitandao, ubongo na nyuki piteni hapa)

#1 Mgebuka Mkavu (Kigoma)
Wakuu, salaam.

Naleta hoja, hitimisho sina. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na maungio baina yake, yaani sinepsi, yanakadiriwa kufika trilioni 100. Hakuna seli hata moja humo inayomjua mwenye kichwa. Kumjua kunatoka kwenye mpangilio wa zote.

Sasa tazameni intaneti. Chipu ya simu moja ya kisasa ina transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, zaidi ya bilioni 10, na simu za namna hiyo duniani ni mabilioni. Kwa wingi wa vipande, ubongo ulishaachwa. Kwa kasi vilevile: neva zenye mbio kuliko zote hupeleka ishara kama mita 120 kwa sekunde, wakati mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde.

Wazo si la vijiweni. Teilhard de Chardin, padri na mtaalam wa visukuku, alizungumzia tabaka la fikra kuizunguka dunia tangu miaka ya 1920, kompyuta hazijazaliwa. Siku hizi Christof Koch, mtafiti wa ubongo, amesema hadharani kwamba huenda intaneti inahisi kitu.

Swali: ikiendelea kukua itafika mahali ijitambue? Kama haiwezi, kinachokosekana ni nini hasa? Naomba tuache mambo ya filamu za roboti.

#2 Mwisho wa Reli
Nimetandika mkeka. Ikijitambua, jambo la kwanza itakalojua ni kwamba bando limeisha.

#3 Ruta Haijalala (Tabora)
Mkuu Mgebuka, wingi peke yake hausemi kitu. Twende kwenye kazi yenyewe.

Mtu yuko Ujiji anatuma picha kwenda Urambo. Simu inaikata vipande, kila pakiti isizidi baiti 1500. Juu ya kila pakiti inaandikwa anwani ya itokako, anwani ya iendako, na namba ya maisha ambayo mara nyingi huanza na 64. Kila ruta, yaani mtambo wa kuelekeza pakiti njiani, ikiipitisha inapunguza moja. Ikifika sifuri pakiti inatupwa, la sivyo ingezunguka milele pale njia zinapojikunja. Ruta inasoma iendako, inatazama jedwali lake (njia za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, duniani ni kama milioni moja), inachagua mlango, inatupa nje, basi. Haibaki na kumbukumbu. Ndani ya pakiti yenyewe haioni kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya mawasiliano siku hizi yamesimbwa kuanzia simu hadi seva. Ni dereva wa fuso aliyebeba maboksi yenye lakiri.

Tofauti na ubongo iko hapo. Sinepsi inabadilika kwa kinachopita: ikitumika kwa namna fulani inapata nguvu, ikiachwa inadhoofika. Jedwali la ruta halibadiliki kwa sababu wewe umetuma picha ya harusi. Linabadilishwa na mazungumzo mengine kabisa, ya itifaki ya BGP, ambamo ruta zinaambiana "njia ya anwani hizi ninayo" au "sinayo tena". Mazungumzo hayo ni kiduchu ukilinganisha na mizigo inayobebwa.

#4 Kebo ya Saba
Ruta, nakupinga kidogo hapo pa "halibadiliki". Jedwali sawa, lakini mwendo wa mtandao mzima unabadilika kwa kinachopita. TCP, itifaki inayosimamia utumaji wa pakiti, kila mara inapima kama zimefika. Zikipotea inapunguza mwendo, zikifika inaongeza polepole. Hakuna makao makuu yanayotoa amri. Oktoba 1986 kati ya maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, na chuo kikuu cha jirani, umbali wa mita 400 hivi, mwendo ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40, kwa sababu kila kompyuta ilikuwa inarudia kutuma kilichopotea na kuzidisha foleni. Van Jacobson akaandika dawa mwaka 1988, na mpaka leo simu zetu zinatumia mawazo yale yale.

Kuna kubwa zaidi. Foleni ya ruta ikijaa na kutupa pakiti za wote kwa mpigo, mawasiliano mamia yanapunguza mwendo pamoja, halafu yanapanda pamoja, yanajaza foleni tena. Mawimbi yanajitokeza ambayo hakuna aliyeyapanga. Sally Floyd na Jacobson mwaka 1993 walipendekeza ruta ianze kutupa pakiti chache kwa kubahatisha kabla foleni haijajaa, ili kuvunja mwendo huo wa pamoja. Mtu wa ubongo atuambie, mawimbi ya namna hiyo kichwani si ndiyo mnayoyatafuta?

#5 Sindano ya Usingizi (Kigoma)
Kebo, kichwani mawimbi ya pamoja yakizidi ndipo fahamu inapotoka. Kifafa kikubwa ni seli nyingi mno kufyatuka kwa pamoja, na mgonjwa hana habari. Usingizi mzito bila ndoto nao una mawimbi makubwa ya polepole. Kwa hiyo usishangilie kupanda na kushuka kwa TCP.

Kwenye #1, wingi unakanushwa na ubongo wenyewe. Kati ya zile seli bilioni 86, kama bilioni 69 ziko kwenye serebela, ile sehemu ya nyuma chini. Gamba lote la ubongo lina bilioni 16 hivi. Lakini wapo watu waliozaliwa bila serebela. Wanayumba kutembea, wanachelewa kusema, ila fahamu wanayo. Asilimia 80 ya seli zinaondoka na mtu bado yupo! Serebela imejengwa kwa vijisehemu vinavyofanana, kila kimoja kinafanya hesabu yake na kutoa jibu, havizungumzi sana vyenyewe kwa vyenyewe. Nikisoma maelezo ya Ruta hapo #3, naiona serebela kubwa sana.

Dawa za usingizi zinafundisha hilo hilo. Propofoli haizimi ubongo kama swichi. Sauti bado inafika kwenye gamba la kusikia. Kinachodhoofika mapema ni marejeo ya mbali, mazungumzo ya sehemu za mbele kwenda nyuma.

#6 Mwisho wa Reli
Kwa hiyo Tabora ni serebela ya nchi: treni zote zinapita kwenda Kigoma na Mwanza, hakuna kinachobaki.

#7 Matobolwa (Tabora)
Kinabaki asali na maembe. Nyie huko reli inaishia kwa sababu ilichoka kuwatafuta.

#8 Tarakimu
Tuliweke hili la Sindano kwenye hesabu. Giulio Tononi alitoa nadharia ya taarifa unganifu mwaka 2004. Kipimo chake kinaitwa fai. Unachukua mfumo, unautafutia mahali ambapo ukiukata utapoteza kidogo kuliko pote, kisha unauliza: baada ya kukata, mzima umepoteza kiasi gani cha uwezo wa kuamua hali yake iliyopita na ijayo? Usipopoteza kitu, fai ni sifuri, hapana mmoja pale, kuna vitu viwili vilivyokaa jirani. Mfumo wa kwenda mbele tu bila kurudi nyuma una fai sifuri hata ukiwa na akili za kutisha.

Mkato dhaifu wa intaneti si kazi kuupata. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini, intaneti ya Tanzania ikayumba siku kadhaa, na nchi nyingi nje ya ukanda huu hazikuhisi tofauti yoyote. Kwa hesabu ya Tononi hilo ni jibu baya sana kwa hoja ya #1.

Lakini msiimeze nadharia hiyo nzima. Mwaka 2014 Scott Aaronson alionyesha kwamba geti za kawaida za kompyuta, yaani vijisaketi vya hesabu, ukizipanga kwenye gridi inayofaa na ukawa nazo za kutosha, zinatoa fai kubwa kuliko ya mtu, ilhali hazifanyi chochote cha maana. Tononi hakukana, alisema basi gridi hiyo ina fahamu. Mwaka 2023 wanazuoni 124 waliweka sahihi barua wakiiita sayansi bandia. Tena kuikokotoa fai kamili ni balaa, vipengele vikiongezeka kazi inalipuka. Mnyoo *C. elegans* ana seli za neva 302, ramani yake ya maungio imechapishwa tangu 1986, na hata huyo hakuna aliyemkokotolea.

Hesabu ya #1 nayo irekebishwe: transista inaungana na jirani wachache, seli ya gamba la ubongo inapokea maungio maelfu. Transista ulinganishe na sinepsi, wala hata hivyo hazifanani, maana sinepsi inapanda na kushuka nguvu taratibu.

#9 Mgebuka Mkavu
Asante Tarakimu. Ila Koch ni mfuasi wa nadharia hiyo hiyo ya fai. Amefikaje kusema intaneti inahisi?

#10 Tarakimu
Kwa sababu kwa nadharia hiyo fahamu ni kiasi, si ndiyo au hapana. Chochote chenye fai juu ya sifuri kina chembe yake. Kuna sharti jingine ambalo wengi hawalisomi: kwa vitu vinavyoingiliana, chenye fai kubwa kuliko vyote ndicho kinachobaki na fahamu, vilivyomo ndani yake vinazimika. Ikitokea watu na mitambo wameungana sana mpaka fai ya jumla ikazidi ya mtu mmoja mmoja, kila mtu atabaki anatembea na kuongea bila kuwepo mwenyewe ndani.

#11 Matobolwa
Hao mbona wapo, nendeni stendi saa 11 alfajiri.

#12 Mzinga wa Miombo (Tabora)
Mwangaluka wote. Mnaruka kutoka ubongo hadi intaneti mkiwaacha nyuki, ambao ndio daraja lenyewe, na tunao kwenye miombo kuanzia Sikonge mpaka Uyui.

Kundi la nyuki likitoka mzingani na malkia, hutundika kwenye tawi. Kundi la wastani lina nyuki kama 10,000. Kati yao mia kadhaa ni wapelelezi, wanakwenda kukagua mashimo. Karl von Frisch, aliyepata Nobel mwaka 1973, ndiye aliyesoma ngoma yao: anayerudi anacheza akitikisa mkia, pembe anayoshika kutoka wima ni pembe ya mahali hapo kutoka kwenye jua, na kutikisa kwa sekunde moja ni takriban kilomita moja. Shimo likiwa zuri anarudia ngoma mara nyingi, likiwa la kawaida anarudia chache. Kila akirudi kukagua anapunguza, hivyo shimo baya linasahauliwa lenyewe.

Thomas Seeley alijaribu hili kwenye kisiwa cha Appledore, Marekani, alikochagua kwa sababu miti mikubwa haipo, nyuki wasipate shimo lingine ila masanduku yake. Nyuki wa Ulaya wanapendelea shimo la lita 40 hivi lenye mlango mdogo. Wapelelezi 20 hadi 30 wakikutana kwa wakati mmoja kwenye shimo moja, uamuzi umekwisha. Wanarudi kupiga mlio wa kuwaamsha wenzao, kundi linajipasha moto mpaka nyuzijoto 35, linaruka.

Sasa sikilizeni utafiti wa mwaka 2012. Mpelelezi wa shimo A akimkuta wa shimo B anacheza, anamgonga kichwa na kutoa mlio mfupi. Akigongwa vya kutosha anaacha kucheza. Pande mbili zinazimana. Bila kuzimana huko, mashimo mawili yenye ubora sawa yangeligawa kundi. Hesabu yake inafuata mkondo ule ule wa seli za ubongo zinapoamua, mfano jicho likiamua nukta zinasogea kulia au kushoto. Kundi linajua jambo ambalo hakuna nyuki aliyeyaona mashimo yote akalinganisha. Na nyuki mmoja ana seli za neva karibu milioni moja tu.

Swali langu kwa Ruta na Kebo: intaneti ina wapi kugongana vichwa? Sehemu inayoiambia nyingine "nyamaza, langu ni bora"? Kama haina, kukua kwake ni kukua tu.

#13 Matobolwa
Nyuki 10,000 wanaafikiana bila posho ya kikao. Wapewe halmashauri.

#14 Ruta Haijalala
Mzinga, umeuliza swali zuri kuliko la #1. BGP ina chembe yake. Kila ruta ya mpakani inapokea njia kadhaa za kwenda mahali pamoja, inachagua moja, inawatangazia jirani hiyo moja tu. Zilizoshindwa hazitangazwi. Kuna kuzimana pale. Ila ubora unaopimwa ni mapatano ya kibiashara kwanza, kisha idadi ya mitandao ya kupita, basi. Hauhusu kabisa kilichomo ndani ya mazungumzo ya watu. Nyuki wanaamua kuhusu dunia, BGP inaamua kuhusu BGP.

Kebo, mawimbi yako ya TCP ni ya kiungo kimoja na foleni moja. Hayavuki kwenda kiungo kingine yakawa wazo.

#15 Kebo ya Saba
Yanavuka. Floyd na Jacobson hao hao walionyesha kwamba ruta zilizowekewa saa za kutuma taarifa zao kila baada ya muda fulani, hata zikianza kila moja kivyake, zinaishia kutuma zote kwa pamoja. Dawa ilikuwa kuweka kubahatisha kwingi kwenye saa hizo. Wahandisi miaka 30 hii wamekuwa wakizuia kwa makusudi sehemu za mtandao zisiafikiane zenyewe. Kwa hiyo kama intaneti haifiki popote ni kwa sababu inakatizwa, wala si kwamba haina mwelekeo huo.

#16 Ustadhi wa Ujiji (Kigoma)
Assalaam alaykum. Nawasoma kwa makini, mna elimu. Qur'ani 17:85 inasema roho ni katika amri ya Mola, nasi hatukupewa elimu ila kidogo. Silitumii kufunga mjadala. Nauliza tu: mmetaja fai, mmetaja kuzimana, mmetaja mawimbi. Yote hayo ni habari za kinachofanyika. Mtu akiungua, kuna kinachofanyika kwenye neva na kuna maumivu yenyewe. Hesabu ipi kati ya hizo imefika kwenye maumivu?

#17 Bi Kanyenye (Tabora)
Wa alaykum salaam ustadhi. Hakuna iliyofika, na wenyewe wanakiri. David Chalmers ndiye aliyelisimamisha swali lako katika falsafa ya leo, miaka ya 1990. Mwaka 1998 Koch aliweka naye dau kwamba ndani ya miaka 25 alama ya fahamu kwenye ubongo itakuwa imepatikana wazi. Juni 2023 Koch alikabidhi mvinyo mbele ya watu. Mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya maabara zilizokutanisha nadharia ya Tononi na ile ya ukumbi wa pamoja iliyoanzishwa na Bernard Baars, wapinzani wakikubaliana vipimo kabla ya kuanza. Zote mbili zilitoka na majeraha.

Mimi nina tatizo na mpaka mnaoweka. Mnajadili nyaya na ruta, watu mmewaacha nje. Ned Block mwaka 1978 aliuliza: watu wa China wote wapewe simu za upepo, kila mmoja afanye kazi ya seli moja ya ubongo, je, taifa litahisi? Yeye aliona jibu la "ndiyo" ni kichekesho. Eric Schwitzgebel mwaka 2015 akageuza: ukiamini kwamba fahamu ni mpangilio wa maada tu, huna sababu nzuri ya kuinyima Marekani nzima, maana inapokea habari, inakumbuka, inajilinda, inajizungumzia. Sasa intaneti ondoa watu, inabaki nini? Weka watu, basi kinachojitambua ni sisi wenyewe na swali linakuwa la zamani kuliko kompyuta.

Halafu huo ukumbi wa Baars: kitu kinakuwa cha fahamu pale kinapotangazwa kwa sehemu zote za ubongo kwa pamoja, zote zikitumie. Intaneti haina tangazo kwa wote. Kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani, hata ile anwani ya kutangazia mtandao mzima wa ndani iliondolewa. Kila mtu anaona ukurasa wake.

#18 Kebo ya Saba
Habari moja inayosambaa simu zote kwa saa mbili si tangazo kwa wote?

#19 Bi Kanyenye
Kichwani ni chini ya nusu sekunde, na kilichotangazwa kinazuia vingine kuingia. Wewe kwa saa mbili hizo umeona vitu mia vingine.

#20 Sindano ya Usingizi
Ustadhi, swali lako ndilo linalotusumbua kazini: mgonjwa asiyejibu, tutajuaje yupo? Kuna kipimo kinachojaribu kulizunguka. Kilichapishwa 2013 na kundi la Marcello Massimini. Unaweka koili ya sumaku juu ya fuvu, unapiga mpigo mmoja. Kofia ya EEG, inayosoma umeme wa ubongo, yenye elektrodi kama 60 inarekodi mwitikio kwa milisekunde 300. Unarudia mipigo mingi, unachukua wastani ili kelele zifutane, unabakiza tu pale palipozidi hali ya kawaida kitakwimu. Unapata jedwali la sifuri na moja, mahali kwa wakati. Jedwali hilo unalibana kwa njia ile ile ya kubana mafaili. Likibanika sana, mwitikio ulikuwa wa kujirudia au wa mahali pamoja: usingizi mzito, propofoli. Likigoma kubanika na huku limeenea, mtu yupo. Mpaka waliouweka baadaye ni 0.31. Cha kuvutia, aliyepewa ketamini, dawa nyingine ya usingizi, halali kimya, anaota ndoto kali, na kipimo kinamuonyesha yupo.

Tahadhari: mpaka huo umepatikana kwa watu walioweza kusema baadaye "nilikuwepo" au "sikuwepo". Hamuwezi kuuchukua mzima mkaubandika kwenye kitu ambacho hakijawahi kusema lolote.

#21 Tarakimu
Hebu ngoja. Kipimo hicho kwenye intaneti kinawezekana, tena koili tayari ipo! RIPE NCC, shirika linalogawa anwani za intaneti Ulaya, wana anwani za majaribio ambazo zinatangazwa kwenye BGP kila baada ya saa nne, na kuondolewa saa mbili baada ya kutangazwa. Kutangazwa ni 00:00 kwa saa za UTC, kwetu saa 9 usiku, na kuondolewa kwa kwanza ni saa 11 alfajiri. Dunia nzima inapigwa mpigo ule ule, na vituo vyao vya kukusanya vinarekodi jinsi kila mtandao ulivyoitikia. Mafaili ni ya bure, yanatolewa kila dakika 5.

Hatua: pakua masasisho ya dakika 15 baada ya kuondolewa. Chuja anwani ya majaribio peke yake. Mstari mmoja kwa kila mtandao unaoripoti, safu moja kwa kila sekunde, weka 1 pale njia ilipobadilika, vinginevyo 0. Rudia kwa mipigo ya mwezi. Bana jedwali. Kisha changanya ovyo zile 1 na 0 bila kubadilisha idadi yake, bana tena, gawanya la kwanza kwa la pili.

#22 Ruta Haijalala
Tarakimu, zuri, ila litakudanganya sehemu tatu.

Kwanza, ruta nyingi kwa kawaida husubiri hadi sekunde 30 kabla ya kumtumia jirani tangazo jipya la anwani ile ile. Utaona mapigo ya sekunde 30 ukadhani ni mdundo wa kitu hai, kumbe ni saa iliyowekwa na mtengenezaji. Safu za sekunde moja hazifai peke yake, fanya na za sekunde 30 pia.

Pili, mitandao mingine inaadhibu anwani inayotoka na kuingia mara kwa mara, inainyamazisha. Anwani za majaribio zinatoka na kuingia kila siku. Mstari wa sifuri tupu utausoma kuwa mtandao hauitikii.

Tatu, sio wote wanaoripoti jedwali zima. Wengine wanaleta sehemu. Angalia kwanza anayeripoti ana njia laki kadhaa, asiye nazo mwondoe.

Na ujue kinachokuja. Anwani ikiondolewa, ruta haikubali mara moja kwamba imekufa. Inajaribu njia ndefu iliyoambiwa zamani, ikifa inajaribu ndefu zaidi, mpaka ziishe. Craig Labovitz na wenzake mwaka 2000 walipima: wastani dakika kama tatu, nyingine hadi 15. Kutangaza upya ni haraka kuliko kuondoa. Kwa hiyo pima vyote viwili kando.

#23 Mgebuka Mkavu
Hapo ndipo moyo wangu umedunda. Mpigo mmoja, mitandao maelfu inakataa kuamini, inatafuta njia zilizokwisha kufa kwa dakika tatu, halafu inatulia. Huo si mwitikio ulioenea na usio wa kujirudia?

#24 Ruta Haijalala
Ni ujinga wa kila ruta kutojua kwamba njia zote zilitegemea chanzo kimoja. Oktoba 4, 2021 Facebook walijiondoa wenyewe kwenye BGP kwa karibu saa sita, na sehemu nyingine za mtandao ziliendelea kuitafuta DNS yao, yaani seva za kutafsiri majina kuwa anwani, bila kuchoka. Hakuna aliyeomboleza.

#25 Ustadhi wa Ujiji
Watu walioomboleza walikuwa wengi, mkuu.

#26 Sindano ya Usingizi
Mgebuka, milisekunde 300 za ubongo zinakuja mara tatu kwa sekunde. Wazo moja la dakika tatu, kila saa nne, likichochewa na kipima saa cha mtu mwingine? Kati ya mpigo na mpigo ubongo haukai kimya. Pimeni kwanza hali ya kawaida ya jedwali kabla ya mpigo, kama sisi tunavyofanya, la sivyo hamna cha kulinganisha.

#27 Bi Kanyenye
Kwa nini liwe la haraka? Kama ni kubwa kama dunia, iweje liwe na mwendo wa kichwa cha mtu? Reli kutoka Dar hadi Kigoma ni kilomita 1,250 hivi. Mkongo wa urefu huo, mwanga kwenda na kurudi ni kama milisekunde 12.5. Zungusha dunia nzima, kilomita 40,000 bila kona, ni milisekunde 200. Hilo halikatazi kitu, linasema tu kitakuwa na mwendo wake.

#28 Mwisho wa Reli
Milisekunde 12.5? Nimejaribu hapa mtaa wa Mwanga, Kigoma, ni 70. Mkongo unasimama Kaliua kula?

#29 Kebo ya Saba
Hiyo ni redio ya 4G, foleni za mnara, na njia isiyonyooka. Andika amri ya traceroute, inayoorodhesha ruta za njiani, na anwani ya seva, usome mstari kwa mstari: mruko wa kwanza mkubwa ukiwa mstari wa 1 au 2, tatizo ni mnara wako. Nyota tatu si lazima njia imekufa, ruta nyingi zimeamriwa zisijibu. Na mstari wa katikati ukionyesha kubwa kuliko wa mwisho, upuuze, ruta inaweka kukujibu wewe nyuma ya kupitisha mizigo.

#30 Mzinga wa Miombo
Tarakimu, hicho kipimo cha mpigo na kubana kinafanyika kwa nyuki? Mzinga mmoja, mpigo mmoja, kamera mlangoni na vipima mtetemo kwenye masega. Kundi linalotafuta makazi dhidi ya lililotulia. Tungejua kama njia yenu inatenganisha chochote, kabla hamjaisumbua dunia.

#31 Tarakimu
Inafaa kabisa. Vipima mtetemo 20 hivi, masega tofauti, rekodi dakika 5 baada ya mpigo. Shida ni mpigo gani. Moshi unavuruga kwa muda mrefu, mwanga mwekundu hawauoni. Kugonga ubao ndiko kunakopimika.

#32 Matobolwa
Kugonga mzinga wa nyuki wa hapa? Matokeo atayaandika nani?

#33 Sindano ya Usingizi
Anayekwenda abebe adrenalini. Mtu mzima akianza kuvimba uso na pumzi kubana: miligramu 0.5, yaani mililita 0.5 ya ile ya 1 kwa 1000, msuli wa paja upande wa nje, sio kwenye mshipa. Mlaze, inua miguu, kama anahema kwa shida mkalishe. Hajapata nafuu baada ya dakika 5, rudia, huku gari likiwa tayari linawaka kwenda hospitali. Miiba iondoeni haraka kwa kukwangua kwa ukucha, msipoteze muda kutafuta kifaa. Na mzinga ugongwe na mtu mmoja kwa kamba ndefu, wengine wakae mita 100.

#34 Mzinga wa Miombo
Mita 100 ni chache kwa wa Sikonge. Weka 200, na mgonge jioni.